Jina Nililolitaja Mara Mbili

Jina la baba mkwe wangu nimelitaja mara mbili tu maishani mwangu. Mara ya kwanza ilikuwa Makambako, mchana kweupe, mbele ya watu. Ya pili nitaifikia. Hapa sitalitaja, wala usisome mpaka mwisho ukidhani litaniponyoka. Si kwa kumwogopa yule mzee. Amekwisha kufa siku nyingi, na nilipoletewa habari za kifo chake niliendelea kumenya viazi. Sitalitaja kwa sababu nililipia kwa mgongo wangu, na kitu nilichokilipia hivyo sikigawi ovyo.

Watoto wa siku hizi ukiwaeleza wanacheka. "Jina tu, bibi?" Jina tu! Nyie mnawaita wakwe zenu kwa majina kama mnavyoita kuku. Kwetu Njombe, enzi zile Mwingereza yupo, mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Hatamki hata akiwa peke yake shambani. Na majina ya wazee wetu mengi yalikuwa majina ya vitu, kwa hiyo ukikuta baba mkwe anaitwa jina la kitu, basi na kitu chenyewe unakitafutia jina jingine. Wangu mimi aliitwa jina la kitu cha jikoni, kinachoshikwa kila siku. Wake wote wa ukoo ule walikuwa na neno lao la kukiita, na neno hilohilo wakalitumia kumtajia mzee mwenyewe ilipobidi. Mama mkwe wangu alimwita kwa neno hilo tangu akiwa mwali mpaka anaingia kaburini, na mzee akaitika. Nilimsikia kwa masikio yangu haya akiitika. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mume wangu yeye hakuwa na taabu. Alibatizwa misheni akapewa jina la ubatizo, na majina hayo hayakuwa na mwiko, ungeyataja hata mara mia. Baba yake alikataa kubatizwa. Alisema maji ya kichwani yalimtosha yale ya mvua.

Tulikaa pamoja miezi minane, kisha mume wangu akaenda Rodesia ya Kaskazini kuchimba shaba. Wanaume wengi walikuwa wakienda, wengine kwenye mkonge wa Tanga, wengine huko kusini. Mimi nikabaki kwa baba yake. Mama mkwe akafa mwaka uleule, wifi zangu walikuwa wamekwisha kuolewa, kwa hiyo mwanamke katika nyumba ile nikawa mimi peke yangu. Nilime mimi, nichote maji mimi, nipike mimi, na fimbo nipigwe mimi.

Fimbo yenyewe ilikuwa ya mti wa mwati. Aliichonga akaipitisha kwenye moto ili iwe ngumu, akawa anaiegemeza kando ya mlango ambapo mkono unaifikia bila kuinuka. Ugali ukiwa laini, fimbo. Nikichelewa kisimani, fimbo. Kuni zikitoa moshi, fimbo, na kuni za Njombe wakati wa ukungu zisipotoa moshi zitatoa nini? Watu walisema ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaomharibu. Thubutu! Alinipiga akiwa mkavu, asubuhi, ameketi juani na akili zake timamu. Alipolewa ulanzi ndipo nilipumzika, maana alilala.

Siku moja tulikuwa tunapura maharage. Nikampita mbele yake na ungo kichwani nikasahau kupiga goti. Pigo la kwanza lilipiga ungo, la pili likapiga mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, na nikausikia mfupa ukilia ndani ya nyama. Maharage yalimwagika uwanja mzima. Akaniambia niyaokote kabla kuku hawajayamaliza. Nikayaokota kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaning'inia. Aliyeuunga alikuwa mama mmoja wa kijiji cha pili, akaufunga kwa vipande vya mianzi, ukapona umepinda. Mpaka leo kiganja hakigeuki juu sawasawa, ukiniwekea chumvi mkono wa kushoto inamwagika.

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kiasi cha kumwombea kifo, na siku hiyohiyo nikampelekea ugali nimepiga magoti, macho chini, na jina lake halijagusa ulimi wangu. Ndivyo tulivyolelewa. Ungeweza kumchukia mtu mpaka meno yakauma, lakini adabu ilikuwa palepale.

Kisha barua ikaja. Ilikuja kwa mwalimu wa misheni, naye akaisoma barazani kwake watu wakisikia, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu, maana mzee hakuweza tena kuificha. Mume wangu aliandika kwamba kule migodini amepewa nyumba ya watu wenye wake. Ina mlango wa mbao, na bomba la maji liko nje. Jina langu limekwisha kupelekwa mpakani kama mke wake, lililobaki ni mimi kuchukua cheti bomani Njombe na kuja. Nisipofika kabla ya mvua, nyumba atapewa mtu mwingine naye atarudishwa bwenini na wanaume wasio na wake.

"Na mimi nani atanilimia?" mzee akauliza.

"Mzee, mwanao amemwita mkewe," mwalimu akasema. Jumbe naye alipoulizwa akasema hivyohivyo.

Mimi katika barua nzima nilisikia neno moja, njoo. Nikajiambia, nikivuka mpaka ule, fimbo hainifikii tena. Sikutaka shaba wala vitenge vya Rodesia. Nilitaka kuamka asubuhi moja, nipike uji wangu, jua lizame, na sijapigwa. Siku niliyofunga mzigo wangu mzee alinipiga kuliko siku zote. Akasema ni fimbo za akiba.

Mama yangu mzazi ndiye aliyenisindikiza bomani. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Njombe ya mwezi wa saba haina adabu kwa mtu, na karani wa boma alikuwa amevaa koti la sufu na bado anatetemeka. Alikuwa mtu wa pwani, mgeni wa mambo yetu. Akaniuliza jina langu, nikampa. Akauliza jina la mume, nikataja lile la ubatizo.

"Mwana wa nani?"

Nikamtazama mama. Kwa kawaida ukikwama hivyo, mtu mwingine anakutajia, lakini mama naye alikuwa mkwe mwenza wa mzee yule, na mwiko ulimfunga vilevile. Ndani hamkuwa na mtu mwingine. Karani akagonga kalamu mezani.

"Mama, nina watu wamejaa nje. Mwana wa nani?"

Nikampa lile neno letu, neno la wake. Mbele ya Mungu sikuona kama nimesema uongo. Ndilo jina lake vinywani mwetu, aliitwa kwalo na akaitika, kulikuwa na kosa gani? Karani akaliandika, akalisoma kwa sauti, nikaitikia, akagonga mhuri. Tulipotoka nje mama akanishika bega.

"Umejibu vizuri, mwanangu," akasema. "Umejibu kwa adabu."

Mama akarudi nyumbani, na lori likatupeleka Makambako, mimi na abiria wengine, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Makambako siku hizo ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya Wahindi, upepo na vumbi, na kambi ya manamba, yaani watu walioandikishwa kazi za mbali. Palikuwa na mabanda ya bati, jiko la mafiga makubwa, na meza ya karani wa kambi chini ya kibanda kisicho na kuta. Karani huyu alikuwa mtu wa huku kwetu, mtu mzima, kifua kilimbana akawa anakohoa kila baada ya maneno matatu. Akaniandika kwenye orodha yake, akaniambia safari njema, nikapanda lori la Tunduma pamoja na wanaume wa kila kabila.

Mpakani, upande wa Rodesia, palikuwa na nyumba yenye baraza na ngazi. Barazani alikaa Mzungu mmoja anavuta kiko na kutazama milima. Aliyeamua mambo alikuwa karani wake mweusi. Alikuwa na karatasi yake yenye majina yaliyotoka migodini, nami nina cheti changu cha boma. Akavilaza mezani vyote viwili, akaweka kidole kimoja hapa na kimoja pale, akaviteremsha polepole. Vidole vikasimama.

"Baba wa mume wako anaitwa nani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini hilo alilisema sawasawa. Nikamtajia neno letu.

"Siyo. Mume wako ameandika jina lingine."

"Ni huyohuyo, bwana."

"Basi taja hilo lingine."

Nililijua! Nililijua kama ninavyoijua njia ya kisimani. Likapanda mpaka nyuma ya meno likakaa. Nikafungua kinywa nikakifunga. Jasho likanitoka, na upepo ulikuwa wa baridi. Nikageuka kuwatazama watu wa lori letu, labda yupo wa kijijini kwetu anitajie, hapakuwa na hata mmoja. Ningewezaje kumweleza yule karani? Kwao labda wanawake hutaja wakwe zao kama wanavyotaja siku za wiki.

"Mke gani asiyejua jina la mkwe wake?" akasema, na alisema kwa sauti ili wengine wafaidi. "Kila wiki mnakuja hapa na barua za waume wa watu. Mkifika huko mnapika pombe na kujiuza. Taja jina!"

Akauliza mara ya pili, mara ya tatu. Kimya. Akachukua kalamu ya wino mwekundu akapiga mstari juu ya cheti changu, kona hadi kona, akamwashiria askari aniondoe. Alisema mimi siingii nchi yao.

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nimenyamaza kwa heshima, halafu naitwa malaya mbele ya wanaume wa kila kabila! Damu ikanipanda machoni. Nilimrukia yule karani juu ya meza nikamkwangua shavu kwa kucha zote tano, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Wino ukamwagika. Askari akanidaka kwa nyuma, nikamuuma mkono nisiuachie mpaka nilipoonja damu. Akanipiga mbavuni kwa kitako cha bunduki. Nikaporomoka ngazini, naye akanifuata na buti zake, teke la tumbo, la paja, la tumbo tena. Mimi nilikuwa nimekunjamana nimekifunika cheti changu kwa kifua kama kingenisaidia kitu. Mzungu akasema neno moja bila kutoa kiko mdomoni, askari akaacha. Wakaniinua wakanitupa kwenye lori linalorudi.

Nilikojoa damu siku mbili. Lori likanishusha Makambako, maana huko ndiko nilikoandikwa.

Karani wa kambi alikitazama cheti, akanitazama uso, akaniuliza imekuwaje. Nikamweleza. Sikufika mbali, akatikisa kichwa.

"Umewapa jina la wake," akasema, akakohoa. "Lo, mama wee. Umewapa jina la wake."

Nilipoona kuna mtu amenielewa nikalia, na tangu mpakani nilikuwa sijalia. Akaniacha nilie, kisha akaniambia mambo yalivyo. Cheti kilichopigwa wino mwekundu hakisahihishwi kwa maneno ya jirani wala ya jumbe. Kuna njia mbili. Ama mwenye jina aje mwenyewe athibitishe kwamba jina lile na jina lake ni mtu mmoja, ama mwenye cheti alitaje jina lenyewe mbele ya watu wa kwao, nao washuhudie.

"Utalitaja?"

"Siwezi, baba."

"Basi tutamwita."

Akatuma salamu na dereva wa Njombe. Mimi nikakaa kambini kungoja. Chakula cha bure hakikuwepo, kwa hiyo nilitwanga mahindi ya manamba pamoja na wanawake wengine, mbavu zikiniuma kila nilipoinua mchi. Nilikuwa nahesabu mawingu. Mvua ilikuwa bado, lakini haikuwa mbali sana. Nilijipa moyo kwamba mzee atakuja, atasema ndiyo, huyo ni mimi, na itachukua muda wa kunywa maji tu. Alinichukia, sawa, lakini angeweza kukana jina aliloitwa na marehemu mkewe?

Alifika kwa miguu, na fimbo yake mkononi. Ilikuwa mchana, kambi imejaa, watu wanangoja maharage yaive. Nikaenda nikapiga magoti mbali kidogo naye, macho chini. "Kamwene, baba," nikamsalimu. Hakuitikia. Karani akampa kiti, akakifungua cheti mezani.

"Mzee, pole na safari. Huyu ni mke wa mwanao?"

"Nimekuja kumchukua. Shamba linalala."

"Sawa. Hapa pameandikwa jina." Karani akalisoma lile neno letu. "Hili ni wewe?"

Mzee akaitazama karatasi. Nilikuwa natazama miguu yake, ilikuwa imejaa vumbi jekundu la njiani mpaka magotini, na nikamwonea huruma kidogo, mpumbavu mimi.

"Silijui," akasema.

"Hulijui?"

"Sijapata kuitwa hivyo. Huyu mwanamke ni mwongo. Nipe niende naye."

Niliinua macho. Sikuwahi kumtazama usoni tangu nilipoolewa, na sasa nikamtazama. Alikuwa mzee wa kawaida tu, jicho moja lina mtoto wa jicho, ndevu chache. Mwanamke mmoja alimzalia watoto sita akimwita kwa neno lile. Alipokuwa anakata roho alimwita kwa neno lile, mimi nimemshika kichwa, na huyu akaja mbio akasema nipo. Leo anasema halijui, ili nikamlimie mahindi!

"Baba," nikasema, "unalijua."

Hayo tu. Fimbo ikanishukia begani. Nikainamisha kichwa kwa mazoea, ikanipata kisogoni, kisha ule mkono wa kushoto uliopinda, palepale pa zamani. Karani akasema "Mzee, mzee," lakini hakutoka nyuma ya meza yake. Wengine walisimama wakitazama. Nani aingilie? Ni mtu na mkwe wake. Kila pigo alilisindikiza na neno. Silijui. Mwongo. Silijui. Kichwa kikapasuka, damu ikaniziba jicho la kulia, na nikawaza, nikirudi na huyu leo, sitoki tena mpaka nibebwe. Nikawaza vilevile kwamba nimepigwa mpakani kwa kulinda heshima yake, na napigwa hapa na yeye mwenyewe, na heshima yenyewe ameikana. Nilikuwa nalinda nini?

Fimbo iliposhuka tena niliidaka. Iliniunguza kiganja, sikuiachia. Nikasimama, sisi tukiwa tumeishika wote wawili, nikalitaja jina lake. Lote. Nililitaja kwa sauti ile unayoitia mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Michi ilisimama. Manamba wa Njombe waliokuwa kwenye foleni wakaziba midomo kwa viganja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi nje ya kambi akajifunika kanga usoni, akaketi chini vumbini. Kuna aliyesema "Yuuu!" kisha akakatiza. Na wale wanaume wa mbali, wasio wa kwetu, wakawa wanageuka huku na huku wakiulizana kuna nini, mbona watu wameshtuka, si ametaja jina la kitu cha jikoni tu?

Karani aliwatazama wale, akawatazama hawa. Akachovya kalamu.

"Mashahidi nimewaona," akasema. "Jina la mtu baki halimtishi mtu hivi."

Akaandika. Mzee alikuwa ameiachia fimbo. Mikono imemshuka, na kwa muda nilidhani atakufa palepale, maana tuliambiwa tangu utotoni kwamba ukilitaja jina la mkwe mmoja wenu hufa.

"Wewe si mkwe wangu tena," akasema. "Mwanangu hana mke."

"Kwenye karatasi anaye, mzee," karani akajibu, akagonga mhuri.

Fimbo nikaitia kwenye moto wa jiko la kambi. Ilikuwa imekauka vizuri, ikawaka bila moshi, ikaivisha maharage ya manamba. Usidhani nilifurahi. Nilikwenda nyuma ya banda nikatapika, nikasukutua kinywa mara tatu kwa maji ya pipa, na ladha haikutoka. Wanawake niliokuwa nikitwanga nao waliniosha damu kichwani bila kusema neno, na usiku ule hakuna aliyetandika mkeka karibu na wangu.

Mpakani nikamkuta karani yuleyule. Shavuni ana mistari mitano iliyoanza kupona. Akaweka kidole hapa na kidole pale, akateremka navyo, vikafika chini bila kusimama. Akajipapasa shavu.

"Sasa kwa nini hukusema siku ile?"

Nikamsogezea cheti. Akagonga mhuri, akaniambia pita.

Nyumba ilikuwa kama mume wangu alivyoandika, mlango wa mbao, bomba nje. Alinipokea kwa furaha ya kweli, hilo siwezi kumnyima. Alinipokonya mzigo, akanivutia kigoda, akaniwekea maji ya kunawa, akacheka peke yake kama mtoto. Ilikuwa alasiri, ametoka zamu, vumbi la mgodi bado liko masikioni. Akaliona kovu bichi kichwani. Nikaanza kumweleza habari za fimbo, za maharage, za mkono.

"Mzee ana hasira tu," akasema. "Hebu nione cheti chako."

Alijua kusoma, alisomeshwa misheni. Akakishika kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akateremka na kidole, na nilipokiona kidole kinasimama nikajua kimesimama wapi.

"Nani aliwatajia?"

Ningeweza kusema ni mwalimu. Ningeweza kusema ni jumbe, au mtoto fulani aliyekuwa akipita. Angeamini na kuninunulia kitenge. Lakini nilikuwa nimepigwa kwa kunyamaza na nimepigwa kwa kusema, na kusema kulikuwa afadhali.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Makambako, mbele ya watu. Na yeye mwenyewe alikuwepo."

Akainua mkono. Niliutazama ulivyoinuka, ulivyotanuka, dole gumba limesimama kando, na nikautambua. Niliusafiria siku zote zile kuufuata mkono niliokuwa naukimbia. Ukanipata shavuni nikagonga ule mlango wa mbao, na nikiwa bado nimeuegemea nikalitaja jina la baba yake mara ya pili. Safari hii nililitaja taratibu, namtazama machoni, kama mtu anavyomsalimu jirani. Akanirudia kwa ngumi. Pembeni palikuwa na sufuria ya chuma aliyoninunulia, mpya, haijaona moto. Nikaishika kwa mikono yote miwili, mzima na mpinda, nikampiga nayo mdomoni, na meno mawili yakaanguka juu ya cheti.

Kesho yake nilipanda lori. Cheti sikukibeba. Mpakani karani akaninyooshea mkono kutaka karatasi, kisha aliponiona nimetoka upande wake akaurudisha mkono. Wanaotoka hawaulizwi kitu, akasema.

Nilipita Tunduma, nikapita Mbeya, nikashuka Makambako. Lori la Njombe lilikuwa pale linangoja abiria na sikulisogelea. Karani wa kambi akaniona nakuja na uso umevimba, akaweka kalamu chini.

"Wamekukataa tena?"

"Hapana, baba," nikamwambia. "Safari hii nimekataa mimi."

Akanionyesha kinu kilipo, kana kwamba nilikuwa nimesahau, nikaenda nikaanza kutwanga.